Mchezo Unaoongozwa na Mtoto: Mwongozo Kamili kwa Walezi na Walimu wa Watoto Wadogo

Mtoto wa miaka miwili amechuchumaa mbele ya beseni. Mkono wa kulia ameshika jagi, wa kushoto kikombe. Anamimina, kikombe kinajaa, maji yanafurika hadi magotini. Anakimwaga, anachota, anamimina tena. Mara ya sita anausimamisha mkono kabla maji hayajafika ukingoni, anachungulia ndani ya kikombe, kisha anaongeza tone moja. Hapo amejua jambo kuhusu ujazo ambalo maelezo ya mdomo yasingempa. Lakini mtu mzima akisema mara ya tatu, "Polepole, unamwaga!" na kumshika mkono, hiyo mara ya sita haifiki.

Mwongozo huu unahusu namna ya kumfikisha mtoto kwenye mara ya sita. Unamfaa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 6, nyumbani au darasa la awali.

Kwanza tuelewane kuhusu mgawanyo wa kazi, maana wengi husikia "kuongozwa na mtoto" wakadhani ni kumwachia tu. Mtoto ndiye anayechagua achezee nini, vipi, na aache lini. Mtu mzima anachagua mahali, vitu vitakavyokuwepo, muda katika siku, na mipaka ya usalama. Mchezo huharibika mtu mzima anapovamia upande wa mtoto, au anapoutelekeza upande wake mwenyewe.

Hatua ya 1: Tazama kabla hujapanga chochote

Chukua daftari. Kwa siku tano, dakika kumi kila siku, kaa kando na uandike mikono ya mtoto inafanya nini. Usiandike "amefurahi" wala "ni mtundu". Hayo ni maoni yako. Andika hivi: "Saa 3:10. Ametia vizibo vinne kwenye mkoba. Amevibeba hadi mlangoni. Amevimwaga. Amerudi kuchukua vingine." Ukifika siku ya tano, soma kurasa zote kwa mpigo. Utaona jambo moja au mawili yanajirudia kwenye vitu tofauti kabisa. Wataalamu huyaita mirudio hii skima, na ndiyo inayokuonyesha mtoto anatafiti nini kwa sasa.

Mirudio inayoonekana mara nyingi ni hii, pamoja na vitu vinavyoilisha:

- Kurusha na kudondosha: mipira laini, vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa na kujazwa mchanga, kikapu cha kulengea, ubao ulioinamishwa wa kuteremshia vitu.
- Kuzungusha: vifuniko vya chupa kubwa vya kufungua na kufunga, magurudumu, mwiko ndani ya bakuli lenye maji.
- Kubeba: mikoba yenye mishikio, ndoo ndogo, toroli, na rundo la vitu vya kuhamisha.
- Kufunika na kujificha: vitambaa vya mita moja kwa mita moja, maboksi yenye vifuniko, shuka kubwa la kutundika juu ya viti viwili.
- Kuzungushia uzio: vipande vya mbao, kamba nene, wanyama wa kuchezea wa kuwekwa ndani.
- Kuunganisha: vibanio vya nguo, gundi ya karatasi, utepe wa kunata.
- Kupanga mistari: kokoto, majani, vifuniko vya ukubwa tofauti.

Ukishaujua mrudio, tabia nyingi zinazokuudhi zinaeleweka. Mtoto anayedondosha kijiko kutoka mezani mara nane hakuchokozi. Anachunguza njia ya kitu kinachoanguka, tena anachunguza na uso wako. Ukimpa mahali halali pa kudondoshea, kijiko kitapumzika. Ukimkataza bila kumpa mbadala, atatafuta kitu kingine cha kudondosha, na safari hii huenda kikawa sahani.

Hatua ya 2: Tengeneza mahali

Kosa kubwa hapa ni wingi. Sanduku lililojaa vitu hamsini humfanya mtoto ayamwage yote, akanyage, aondoke. Kwa mtoto mmoja nyumbani, weka vitu au seti sita hadi nane tu kwenye rafu ya wazi isiyozidi sentimita 60 kwenda juu, kila kimoja na nafasi yake. Vingine vihifadhi asipoviona, uvibadilishe kidogo kidogo. Usibadilishe rafu nzima kwa siku moja: anayerudi kuendeleza kazi ya jana asikute kazi yenyewe imeondolewa. Kitu anachokirudia kila siku kibaki hata kama wewe umekichoka.

Sakafu ya kujengea inahitaji kuheshimiwa. Watoto watatu wanaojenga pamoja wanahitaji kama mita mbili kwa mbili, kwenye kona, mbali na njia ya mlangoni. Mnara ulioangushwa na mpita njia huleta kilio na ngumi, halafu lawama humwangukia mtoto, wakati kosa ni la mpangilio. Mkeka mwembamba uliokaza unapunguza kelele. Zulia nene linayumbisha kila kinachosimamishwa juu yake.

Redio na televisheni zizimwe, hata zile ambazo "hakuna anayezitazama". Mtoto mdogo hugeuza kichwa kila sauti inapobadilika, na kila akigeuka uzi wa mchezo unakatika.

Hatua ya 3: Chagua vitu vyenye kazi nyingi

Kitu kizuri ni kile ambacho mtoto ndiye anayekipa maana. Gari linaloimba likibonyezwa linafanya kazi yote lenyewe. Mtoto anabaki mbonyezaji. Boksi tupu linaweza kuwa meli asubuhi na duka jioni. Mwaka 1971 mbunifu Simon Nicholson aliandika kwamba mazingira yenye vipande vingi visivyofungwa, vinavyoweza kuhamishwa, kuunganishwa na kubomolewa, ndiyo yanayowapa watu nafasi kubwa zaidi ya kubuni. Katika kazi na watoto wadogo wazo hilo limedumu kwa sababu linaonekana kila siku sakafuni.

Vipande vya mbao. Kama una uwezo wa kupata kitu kimoja tu, pata hivi. Kipimo kinachotumika sana darasani hukaribia sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5, yaani urefu ni mara mbili ya upana, na upana ni mara mbili ya unene. Siri yote imo kwenye uwiano huo. Vipande vinne vikilazwa kimoja juu ya kingine hufikia urefu wa kimoja kilichosimama. Viwili vifupi hulingana na kimoja kirefu. Mtoto anakutana na nusu na robo kwa mikono yake miaka kadhaa kabla ya kuzikuta daftarini.

Fundi seremala anaweza kuvikata: mbao ya upana wa sentimita 7 na unene wa 3.5, ikatwe kwa urefu wa sentimita 7, 14, 28 na 56. Vingi viwe vya 14, karibu nusu ya seti. Piga msasa namba 120 kisha 220, na uviringishe kidogo kila pembe. Usipake rangi, rangi huongeza unene na kuharibu uwiano, na mtoto huanza kupanga kwa rangi badala ya umbo. Kinachoharibika mara nyingi ni mbao kutokuwa kavu: hupinda baada ya wiki chache na minara haisimami. Kipimo kikikosewa hata milimita tatu, daraja litalala upande, na mtoto atadhani yeye ndiye asiyejua. Anza na vipande 40 hadi 60 kwa mtoto mmoja. Wanne wakijenga pamoja, chini ya 100 ni kuwaandalia ugomvi.

Kikapu cha mtoto anayekaa lakini hajatambaa. Elinor Goldschmied, mwalimu Mwingereza wa watoto wadogo, ndiye aliyekifanya kijulikane. Kiwe cha duara, bapa chini, kisicho na mshikio, kipenyo kisipungue sentimita 35 na kimo kama 10 hadi 12, kigumu kiasi kwamba mtoto akikiegemea hakipinduki. Kijaze vitu vya kawaida visivyo vya plastiki: kijiko cha chuma, mwiko mdogo, brashi ya nywele, kitambaa cha hariri, gamba kubwa la konokono wa baharini, ndimu nzima, mnyororo mnene wenye pete kubwa. Kaa karibu aone uso wako, kisha nyamaza. Usimpe kitu mkononi. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Osha vyote kila baada ya matumizi na utupe chochote kilichopasuka.

Maji na mchanga. Beseni lenye maji ya kina cha sentimita 8 hadi 10 linatosha. Weka vyombo vitatu vya ukubwa tofauti, chujio, na chupa moja yenye tundu chini. Mchanga mkavu hutiririka ila haushiki umbo; kwa kufinyanga, changanya kikombe kimoja cha maji kwa vikombe vinane vya mchanga. Ukizidisha maji, unalegea na kuanguka.

Unga wa kuchezea. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi ya mezani, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe, yakiongezwa kidogo kidogo. Kanda dakika tano hadi usinate. Ukinata, nyunyiza unga. Ukipasukapasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kesho yake ukikuta umetoa majimaji, ni chumvi imevuta unyevu wa hewa: kanda tena na unga kidogo. Chumvi hii huwasha mikono yenye michubuko, na ni nyingi mno kuliwa. Kwa mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, usiutumie kabisa.

Usalama usio na mjadala

Kwa watoto chini ya miaka mitatu, chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni, chenye kipenyo kama sentimita 4, ni kidogo mno. Kiondoe. Betri ndogo za duara, kama zile za saa na rimoti, ni hatari kuliko zinavyoonekana: zikikwama kooni zinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza moja, nenda hospitali mara moja, usisubiri dalili. Sumaku mbili zilizomezwa huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Shanga zinazofura kwenye maji ziache dukani. Kamba za watoto wachanga zisizidi sentimita 22. Na maji: mtoto huweza kuzama kwenye sentimita chache, tena kimya kimya. Mchezo wa maji una mtu mzima wa kuuangalia muda wote, na beseni linamwagwa dakika mchezo unapokwisha.

Hatua ya 4: Linda muda

Tenga kipindi kimoja kisichokatizwa cha dakika 45 hadi 60 kwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea. Dakika kumi au kumi na tano za mwanzo mtoto huwa anazungukazunguka tu, anagusa hiki anaacha kile. Watu wengi huingilia hapo hapo wakidhani hana la kufanya, kumbe ndiyo anatafuta pa kuanzia. Kipindi cha dakika ishirini humkatiza pale pale anapozama. Mtoto wa mwaka mmoja atazama dakika chache, na zinatosha. Rudia mara kadhaa kwa siku.

Hatua ya 5: Wakati wa mchezo, mikono yako ikae wapi

Hapa ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kunahitaji kujizuia.

Kaa chini, kichwa chako kilingane na chake au kiwe chini zaidi, ubavuni kwake na si mbele yake. Weka mikono mapajani. Tazama dakika mbili au tatu bila kusema neno. Akikutazama, rudisha tabasamu. Akikuletea kitu, kipokee na ungoje aonyeshe anataka nini. Hesabu moyoni hadi kumi. Kimya hicho kitakuwasha, lakini mtoto mdogo anahitaji muda wa kukusanya wazo kisha kulitafutia maneno.

Ukisema, eleza kinachotokea badala ya kuhoji. "Umeweka refu juu ya fupi." "Maji yametokea upande ule." Maneno ya namna hii yanampa lugha juu ya kitu ambacho macho yake yameshakishika. Linganisha na "Hii rangi gani? Ziko ngapi?" Mtoto aliyekuwa anajenga kituo cha treni sasa yuko kwenye mtihani, na treni imesimama. Swali moja zuri kwa kipindi kizima linatosha, nalo liwe lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake: "Abiria watapandia wapi?"

Sifa nazo zina athari. "Hodari!" likirudiwa kila dakika, macho ya mtoto yanahama kutoka kwenye kazi kuja usoni kwako. Sema ulichoona: "Umejaribu vipande vitatu mpaka ukapata kinacholingana." Hapo anajua ni kitu gani hasa kilichofanya kazi.

Sasa tuchukue mtoto wa miaka mitatu anayejenga daraja. Amesimamisha vipande viwili na anataka kulaza cha tatu juu, lakini ameviachanisha mno. Cha juu kinaanguka katikati. Anajaribu mara mbili, anaanza kunung'unika. Msaada una ngazi, na hupandi ngazi ya pili kabla ya kwanza kushindwa:

1. Ngoja. Mara nyingi jaribio la tatu au la nne linatofautiana na yaliyotangulia.
2. Sema unachokiona, bila kutoa jibu: "Hakifiki upande wa pili."
3. Sogeza kitu karibu naye, kwa mfano kipande kirefu zaidi, ukiweke tu sakafuni.
4. Jenga daraja lako mwenyewe kwa vipande vyako, kando, bila kumwita atazame.
5. Muulize kama anataka mkono wako, na akikubali, shikilia nguzo moja tu.

Usifike ngazi ya sita, ya kumjengea. Akisogeza nguzo zikaribiane, au akichukua kile kirefu, amepata njia mbili tofauti za kutatua tatizo moja, na zote ni zake. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, aliliona eneo hili, kati ya anachoweza peke yake na anachoweza kwa msaada kidogo, kuwa ndipo mafunzo hukua. Msaada ukizidi, mtoto anatolewa nje ya eneo hilo.

Mtoto akikupa nafasi kwenye igizo, ingia kama ulivyoagizwa. Ukiambiwa wewe ni mgonjwa, lala uugue. Usimbadilishie hadithi iwe somo la kunawa mikono.

Hatua ya 6: Ongeza kitu kimoja

Baada ya kipindi, soma daftari lako na ujiulize: nikiongeza kitu kimoja kesho, kitausogeza mchezo huu wapi? Kimoja, si vitano. Mtoto anayebeba kokoto, mwongezee mizani ya ubao na vikapu viwili. Anayejenga barabara, weka karibu penseli na vipande vya karatasi ngumu. Huenda akachora alama zake, na hapo ndipo kuandika kunapoanzia. Anayefunika wanasesere kwa vitambaa, mletee kitambaa kidogo kisichotosha. Weka kitu hicho mahali anapokiona na usikitangaze. Asipokigusa kwa siku mbili tatu, kiondoe bila kinyongo. Ulikuwa umesoma vibaya, basi, urudi kwenye kutazama.

Yanayokwenda mrama

Wawili wanang'ang'ania gari moja. Chuchumaa kati yao, weka mkono juu ya gari ili lisigeuke silaha, na useme: "Wote wawili mnalitaka." Ngoja. "Tufanyeje?" Wa miaka minne mara nyingi hutoa jibu la kushangaza. Walio chini ya mitatu mara nyingi bado hawawezi kugawana kwa hiari. Kwao dawa ni kuwa na vitu viwili vinavyofanana.

Mtoto anasimama pembeni akitazama tu. Mildred Parten, katika utafiti wake wa mwaka 1932, aliuhesabu utazamaji kuwa mojawapo ya namna za kushiriki, sambamba na kucheza peke yake, kucheza ubavu kwa ubavu, na kucheza kwa ushirikiano. Usimsukume mgongoni. Kaa karibu naye, mtazame pamoja, na uweke vitu kama vile vya wenzake mahali anapoweza kuvifikia.

Mtoto anaruka toka kitu hadi kitu kwa siku nyingi. Kagua kwanza njaa, usingizi, kelele na wingi wa vitu. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizo. Lakini mtoto asiyeitika jina lake, asiyekutazama wala kukuonyesha vitu, au aliyepoteza maneno na uwezo aliokuwa nao, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya watoto mapema.

Mzazi analalamika kwamba watoto "wanacheza tu". Usimhubirie. Mfungulie daftari: ukurasa wa wiki ya kwanza, mtoto anapanga vipande mstari; wiki ya tano, anajenga uzio; wiki ya tisa, nyumba yenye mlango na jina. Hakuna hoja inayoshinda kurasa hizo tatu.

Kufunga kipindi

Toa taarifa dakika tano kabla, kwa kitendo na si saa ambayo hawezi kuisoma: "Jaza jagi mara mbili za mwisho." Bandika picha ya kila kitu kwenye nafasi yake katika rafu ili kurudisha kuwe mchezo wa kulinganisha. Anza naye kuokota. Amri ya kutoka kwenye kiti haimfikishi mbali mtoto wa miaka mitatu. Na jengo ambalo halijaisha lisibomolewe. Lijengwe tangu mwanzo juu ya ubao mpana unaoweza kusukumwa ukutani, na mtoto aweke juu yake kadi yenye alama yake, ili kesho asubuhi kila anayepita ajue kazi ile bado ina mwenyewe.